Nilienda kupima ngoma nikarudi na sukari. Uzi wa wenye kisukari, mlipata wapi moyo?

#1 Fundi wa Kihonda

Wakuu habari za jioni, uzi mrefu kidogo mnivumilie, nimeuandika kwenye simu huku nalinda duka.

Mwaka jana mwezi wa nne nilianza kunywa maji hovyo, dumu la lita tano halimalizi siku na kiu iko palepale. Usiku naamka kukojoa mara sita mpaka wife akaanza kuniangalia kwa lile jicho la huyu jamaa ana mtu anaongea nae chooni. Suruali zikaanza kushuka, mkanda nikaongeza tundu kwa bisibisi, mara mbili. Mtaani mnawajua watu wetu, ukikonda tu ushapewa ngoma. Mimi mwenyewe nikaamini, maana ujana nao tulipita. Nikafunga duka mapema nikaenda kupima kwa kujificha, kofia mpaka machoni.

Majibu yakatoka sina. Aisee nilitaka kumkumbatia yule dogo wa maabara. Lakini yeye akanikazia macho akaniuliza unakojoa sana? Akachukua kidole, akatoboa, mashine ikahesabu ikaandika 23.4. Akasema kaka hii ni sukari, rudi ndani kwa daktari sasa hivi.

Sasa wakuu nieleweni. Kwenye ukoo wetu sukari ni jina la baba mdogo. Alianza na kidole, wakakata, ikaja kisigino, wakakata mguu chini ya goti, na mwaka haukuisha tukamzika Mahenge. Nilibeba jeneza mimi. Kwaiyo daktari alivyokuwa anaongea vidonge sijui chakula sijui sindano, mimi nauona ule mguu tu.

Nikapewa vidonge, sindano nikakataa. Niliona nikikubali sindano nimekubali na mguu uende. Vidonge nikavificha dukani kwenye boksi la plagi za pikipiki, wife hajui. Nikimeza leo kesho nasahau kwa makusudi. Miezi mitatu hivyo. Nikarudi na 19 na macho yameanza kuona ukungu, daktari hakunibembeleza, akaandika insulini, ndo hiyo sindano, na akaniambia uje kliniki Jumanne asubuhi hujala kitu.

Jumanne nikafika saa 12, nikakuta benchi limejaa. Nikakaa mwisho kabisa, pembeni ya bibi mmoja ana kitenge cha njano na kikapu cha ukindu. Hajanisalimia vizuri, ananiuliza, "Umeamka na ngapi mwanangu?"

Mimi nikadhani anauliza watoto. Nikamjibu wawili.

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasema wawili angekuwa ameshakufa huyo. Ndo nikaelewa pale watu wanaulizana sukari. Shikamoo hakuna, ni "umeamka na ngapi", mwingine "saba na nusu", mwingine "kumi na mbili, hiyo ya msiba, jana tulizika nikala maandazi", wanamzomea wanacheka. Yaani ile namba iliyonitoa jasho miezi mitatu wenzangu wanasalimiana nayo.

Nikamwambia bibi ukweli, mimi naogopa mguu. Akauliza nani kakatwa kwenu, nikamwambia. Hakunipa pole. Akavua kiatu, zile raba za ngozi nyepesi, akavua soksi, akanyoosha mguu pale kwenye korido, akaniambia hesabu.

Nikasema hesabu nini bibi? Akasema vidole, si unaogopa vidole, hesabu.

Nikahesabu. Akavua na mwingine. Kumi. Vyote vipo, kucha zimekatwa sawasawa, kisigino kimepakwa mafuta. Akasema, "Nina miaka ishirini na sita na hii sukari, kwenye sindano kumi na tisa. Haya lete wako."

Wakuu nikavua viatu mbele ya watu kama mtoto wa chekechea. Akakagua katikati ya vidole, akakuta fangasi, akakuta ukucha nimeukata kwa wembe umeingia kwenye nyama, akanigombeza palepale, huyo baba yako mdogo alikuwa anakata hivihivi? Alikuwa anakagua? Sikuwa na jibu, ila nilikumbuka baba mdogo alikuwa na kidonda wiki tatu anapaka mafuta ya breki.

Siku ile nilichomwa sindano ya kwanza nikawa najilaumu miezi yote mitatu, kasindano chenyewe kembamba kuliko mwiba wa mchongoma. Jioni nikamwambia wife, akalia kidogo, akasema kumbe ndo ulikuwa unaenda chooni.

Nikaja kuwaza, mtu akikatwa mguu mtaa mzima tunajua, tunachanga, tunaenda kumuona. Lakini yule anayeamka na 6.8 kila siku, anapika vitumbua vya watu, anaimba kwaya, nani atakutangazia? Bibi yule kumbe anakaa mitaa miwili tu kutoka kwangu, nimenunua kwake mchicha miaka yote sijui kama ana kitu.

Nyie mlipata wapi moyo? Mlikutana na nani?

---

#2 Kinyozi Mstaarabu

"Wawili angekuwa ameshakufa huyo" 😂😂 nimecheka kwenye daladala watu wananishangaa. Pole mkuu, na hongera.

---

#3 Mama Shaibu

Kaka asante kwa uzi, umenitoa machozi kwenye hiyo ya kuvua viatu.

Mimi mwenye nacho ni mwanangu, ana miaka tisa, alianza akiwa na sita. Yeye ni ile aina ya kwanza, mwili hautengenezi insulini kabisa kwaiyo vidonge havimhusu, ni sindano tangu siku aliyotoka wodini. Aliingia hajitambui, anahema haraka haraka, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana, na sisi tulishamtibu malaria wiki nzima. Wazazi mkiona mtoto anakojoa kitandani wakati alishaacha, anakonda na anakunywa maji kama hana akili, mpimeni sukari jamani, mimi nilimchapa kwa kukojoa, mpaka leo linaniuma.

Tunaishi kijijini huku Singida umeme hakuna. Insulini natunza kwenye chungu ndani ya chungu, katikati mchanga naumwagia maji asubuhi na jioni, juu nafunika kitambaa kibichi. Inakaa ya baridi vizuri tu. Hiyo mbinu sikuambiwa na daktari, niliambiwa na mama mwenzangu tumelala nae wodi moja, mwanae ana miaka 15 saa hizi.

Sasa kilichompa moyo mtoto. Yeye alijua duniani yuko peke yake. Shuleni hakuna mwingine, sukari ikishuka anatetemeka anakuwa mkali, mwalimu anasema utundu. Mwaka juzi tarehe 14 Novemba, ile siku ya kisukari duniani, wakakusanya watoto mjini, walikuwa kama ishirini. Nesi akawapa hadithi ya mtoto wa kwanza kuchomwa insulini, alikuwa na miaka 14, Toronto huko Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo watoto kama hawa walikuwa wananyimwa chakula tu ili wasogeze siku. Na ile dozi ya kwanza haikuwa safi, ikamletea jipu, madaktari wakaenda kuisafisha tena, siku kumi na mbili baadae wakamchoma ikakubali.

Mwanangu hakusikia kingine chochote. Njia nzima kwenye basi ananiambia, "Mama kumbe hata yeye liliota jipu." Maana na yeye alikuwa na kinundu pajani, anachoma palepale kila siku kwa sababu pameshakufa ganzi hapaumi. Kule kuna binti mmoja akamuonyesha anavyozungusha, leo tumbo kushoto, kesho kulia, keshokutwa paja. Mimi nilikuwa nimeshamwambia mara mia hasikii. Kaambiwa na mwenzie mara moja, mpaka leo anazungusha na anaandika kwenye daftari.

---

#4 Chuma cha Reli

Mkuu nafurahi kwa ajili yako ila tusidanganyane kwamba kila benchi lina bibi wa vidole kumi. Mimi Jumanne yangu ya kwanza nilikaa pembeni ya mzee mguu umefungwa bandeji unanuka, na upande mwingine mama haoni anashikwa mkono na mjukuu. Nilitoka pale kabla sijaitwa, sikurudi miezi minane. Na foleni saa sita nzima na njaa, ukiuliza unaambiwa subiri kama wenzio.

Kukutana na wagonjwa wenzio kunaweza kukumaliza vilevile.

---

#5 Fundi wa Kihonda

Chuma cha Reli nakubali mkuu, sikatai. Hata pale kwetu wapo. Kuna mzee anakuja na magongo, na mimi wiki za kwanza nilikuwa nakwepa kumuangalia. Siku moja tukabanana nae benchi, nikaona nikae kimya itakuwa dharau zaidi, nikamuuliza mzee umeamka na ngapi. Akasema nane. Tukapiga stori. Akaniambia alikanyaga msumari shambani, hakusikia maumivu, aliona damu kwenye kandambili akiwa ameshafika nyumbani, akaufunga na kitambaa akaendelea na kazi siku tisa. Siku tisa. Sasa hivi kabla sijavaa kiatu nakung'uta kwanza, naingiza mkono ndani nasikilizia. Hiyo nimeipata kwa mwenye magongo.

Wewe ulirudi kwa sababu gani baada ya miezi minane?

---

#6 Chuma cha Reli

Sukari ilinirudisha yenyewe, nilibebwa. 😅 Nilivyozinduka kitanda cha pili yuko dereva mwenzangu wa malori, tumepishana Dumila miaka kumi tunapigiana honi, hatujawahi kuambiana. Kwaiyo haya, na mimi nilikutana na mtu.

---

#7 Tiba Halisi Asilia

Kisukari KINAPONA KABISA ndani ya siku 21 bila sindano bila kemikali, acheni kuteseka ndugu zangu, njoo inbox

---

#8 Mama Shaibu

Mods tunaomba mumtoe huyu. Ndugu unayeuza, mwanangu akiacha sindano siku mbili namzika, umeelewa? Nenda kauzie kwingine.

---

#9 Bint Makadara

Mie naandika toka Mombasa, hodi wenyewe.

Babangu ndiye mwenye sukari, na alikuwa hataki mtu ajue katu, hata sisi wanawe twambiwa ni "presha kidogo". Ana baraza yake, wazee watano, kila jioni baada ya Alasiri kahawa chungu na kashata. Siku moja sahani ya kashata yazunguka, babangu akaipitisha, wa pili akaipitisha, wa tatu naye akaipitisha. Ikamrudia muuza kahawa na kashata zake zote. Wakaangaliana. Mzee mmoja akasema, "Ehe, na nyinyi?"

Basi siri ikafa pale. Watatu kati ya watano! Miaka mingapi wakila kashata kwa haya, kila mmoja ajua yeye peke yake ndiye mgonjwa, akirudi nyumbani aumwa.

Sasa hivi babangu ana mashine yake ndani ya mfuko wa kanzu, wapimana pale barazani kama wanaocheza bao, alopanda zaidi ndiye anunuaye kahawa. Mwezi wa Ramadhani walikwenda kwa daktari wote watatu kabla mwezi haujaandama, mmoja akakatazwa kufunga kwa sababu sukari yake hushuka ghafla. Alikuwa na huzuni mno, lakini wenziwe walimwambia sisi tutafunga nawe utalisha masikini, dini imekupa ruhusa wataka nini tena. Angekuwa peke yake angefunga kwa siri, namjua yule mzee.

---

#10 Nesi wa Zamu

Nimesoma kimya kimya ila nina neno, mimi ni nesi kwenye kliniki kama hizo mnazozisema, sitaji wapi.

Benchi ni zuri na sisi tunalipenda, mambo mengine mnafundishana vizuri kuliko sisi. Lakini dozi msiazimane! Nina wagonjwa wawili, akina mama marafiki, wanauza samaki meza moja. Mmoja sukari haikushuka, mwenzie akamwambia mbona mimi nachoma yuniti nyingi kuliko wewe na niko safi, ongeza kama zangu. Akaongeza. Saa nne asubuhi yuko sokoni jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, wateja wanasema pepo. Bahati yule rafiki yake alikuwepo akaijua hali, akakoroga sukari akamnywesha. Yaani aliyemponza ndiye aliyemponya.

Kwaiyo ukiwa chini ya 4, au huna mashine ila unaona jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo unaenda mbio, weka sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji kidogo, kunywa, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikipanda kula chakula. Mtu akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni atapaliwa, mkimbizeni hospitali. Wafundisheni hiyo mnaofanya nao kazi, msiwafiche mkaja kuombewa mapepo.

Na mkikaa benchi moja msidhani ugonjwa ni uleule. Mtoto wa Mama Shaibu na bibi wa vitenge wote wanachoma lakini sababu ni tofauti. Ulizaneni mnakula nini, mnakagua vipi miguu, mnatunza wapi dawa, macho mmepima lini mara ya mwisho (kila mwaka jamani hata kama unaona vizuri). Yuniti muulize daktari.

---

#11 Winga Teleza

Mimi nimeanza nina miaka 19, nilikuwa nacheza ligi ya mkoa, kocha aliposikia akaniweka nje eti nitamfia uwanjani. Sikukutana na mtu ana kwa ana, kwetu kliniki wote wazee, mimi ndo naitwa mjukuu. Kilichonipa moyo ni Nacho, yule beki aliyekuwa Real Madrid. Aligundulika akiwa na miaka 12, aina ya kwanza kama yangu, daktari wa kwanza akamwambia mpira basi. 2024 pale Wembley kapteni aliyenyanyua kombe la klabu bingwa Ulaya ni nani? Na la sita lake hilo.

Nilimuonyesha kocha ile picha. Akasema huyo ana madaktari wa Ulaya, wewe una nani? Hapo akanibana kidogo maana ni kweli mimi stripi zenyewe za kupimia nanunua kwa kuhesabu, napima mara moja kwa siku wengine wanapima kila saa. Ila narudi mazoezini, chupa ya maji ya sukari nimempa kipa akae nayo golini.

---

#12 Kinyozi Mstaarabu

Kipa mganga wa timu 😂 hii mpya. Kaza dogo.

---

#13 Mgeni Jamani

Habari zenu. Nimejiunga leo leo ili niandike hapa. Nimeambiwa juzi, 17.8. Nina miaka 29, mtoto wangu ana miezi saba, wakati wa mimba waliniambia sukari iko juu kidogo itaisha nikijifungua na baada ya hapo sikurudi kupima. Nimekaa na karatasi kwenye pochi siku mbili sijamwambia mtu hata mume. Nimesoma uzi wote nimelia, kwenye mambo ya vidole nikacheka, nikalia tena.

Niko Morogoro. Nimeambiwa Jumanne. Nilikuwa nimepanga nisiende.

---

#14 Mama Shaibu

Pole mdogo wangu. Mume mwambie leo, usilale nalo siku ya tatu. Unanyonyesha? Ukifika mwambie daktari kabla hajaandika dawa, usisahau hilo.

---

#15 Fundi wa Kihonda

Dada njoo. Kihonda ni hapahapa Morogoro, hiyo Jumanne na mimi nipo, nitakuwa na kofia ya kijani ya duka, benchi la upande wa dirishani. Usile ila beba chakula cha kula ukishapima, mimi nabeba kiazi cha kuchemsha na yai, na maji. Mtoto njoo nae, wapo mabibi wa kumbeba mpaka utamsahau.

Bibi nimemwambia leo nikipita kununua mchicha. Ameuliza jambo moja tu, umeamka na ngapi. Nikamwambia simjui hata sura. Akasema haya, mwambie avae viatu vya kuvuka haraka.